Mweusi wa Nani? Nyeusi na Nyeupe katika Filamu ya Sembène

Walimu wengi wa Kiswahili waliowahi kuonyesha filamu darasani wanalijua jibu la wanafunzi pindi picha ya kwanza inapotokea ukutani bila rangi: “Hii ni ya zamani.” Neno “zamani” linatumika hapa kama hukumu. Mwanafunzi anakusudia kusema kwamba kitu hicho ni pungufu, kwamba waliokitengeneza hawakuwa na uwezo wa kutia rangi, na kwamba sisi tunaomwonyesha tunamnyima kilicho bora. Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo na kuonyesha mahali inapokosea.

Hatupendi kufanya kazi hiyo kwa maneno ya jumla. Kuzisifu filamu za nyeusi na nyeupe kwa sababu tu zinatukumbusha ujana wetu au majumba ya sinema yaliyokwisha kufungwa ni kuwapa wanafunzi ushahidi kwamba wanasema kweli. Kwa hiyo tumechagua filamu moja ya Kiafrika, La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegali, iliyotoka mwaka 1966. Sababu za uchaguzi huo ni tatu. Kwanza, filamu hii inazungumzia weusi na weupe wa watu, na hivyo rangi za picha zake haziwezi kutenganishwa na maudhui yake. Pili, miaka miwili tu baadaye mwongozaji huyo huyo alitengeneza filamu ya rangi, Mandabi, na hivyo tunaweza kulinganisha kazi mbili za mkono mmoja. Tatu, Sembène si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1980 Amandina Lihamba alichapisha tamthilia ya Hawala ya Fedha, iliyotokana na hadithi ile ile ambayo Mandabi imetokana nayo.

Lugha yetu na rangi

Kabla ya kuiingia filamu yenyewe, tuitazame kwanza lugha tunayoifundisha. Kila mwalimu wa sarufi anajua kwamba Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi vya rangi inayopokea viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema mtu mweusi, kitu cheusi, nyumba nyeusi. Rangi nyingine zote tumeziazima kutoka kwenye vitu vyenyewe au kutoka lugha nyingine. Kijivu kimetokana na jivu, kahawia na kahawa, kijani na majani. Manjano ni kiungo cha pishi, na zambarau ni tunda. Wataalamu wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walidai katika kitabu chao cha mwaka 1969 kwamba lugha zote zina angalau maneno ya kutenga cheusi na cheupe, na kwamba lugha inapopata neno la tatu, hilo huwa la wekundu. Nadharia yao imejadiliwa sana tangu hapo, lakini Kiswahili hakiipingi.

Hatudai kwamba sarufi inathibitisha lolote kuhusu sinema. Tunasema tu kwamba msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kutoshangaa anapoona ulimwengu mzima ukielezwa kwa weusi na weupe. Tena lugha yetu inatufundisha jambo la pili. Tukitaka kueleza ngozi ya mtu kwa uangalifu, hatutosheki na neno “mweusi”. Tunasema huyu ni mweusi tititi, yule ni maji ya kunde, na mwenzake ni mweupe ingawa hana hata babu mmoja wa Ulaya. Yaani kati ya nyeusi na nyeupe kuna ngazi nyingi, na jicho la Mwafrika limezizoea. Filamu tunayoiita ya nyeusi na nyeupe kwa kweli ni filamu ya ngazi hizo. Sehemu kubwa ya picha zake ni kijivu cha aina nyingi, na nyeusi kamili na nyeupe kamili huwa ni ncha mbili tu ambazo mpiga picha mwenye ujuzi huzitumia kwa hesabu.

Hadithi yenyewe

Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923 akafariki Dakar mwaka 2007. Alikuwa kuli wa bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi, na alikuwa mwandishi wa riwaya mwenye sifa kabla ya kwenda Moscow mwaka 1962 kujifunza kutengeneza filamu. Alilieleza mwenyewe mara nyingi kusudi lake: watu aliowaandikia vitabu vyake wengi hawakujua kusoma, hasa kusoma Kifaransa. Sinema ingewafikia. Hadithi ya La Noire de... ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika mkusanyiko wake wa Voltaïque wa mwaka 1962.

Diouana ni msichana wa Dakar anayetafuta kazi. Kila siku anakwenda kwenye kona ambako wasichana hungoja mabibi wa Kizungu waje kuchagua watumishi. Anachukuliwa na familia moja ya Wafaransa awe yaya wa watoto wao. Kwa furaha anawapa zawadi ya kinyago. Baadaye familia inarudi Ufaransa, kwenye mji wa Antibes kando ya Bahari ya Kati, na inamwita awafuate. Anafika na gauni lake zuri na viatu vyake vya visigino virefu, akitazamia kuiona Ufaransa. Asichoambiwa ni kwamba sasa hatakuwa yaya tena. Atapika, atafua, atadeki, atapanga meza. Na Ufaransa kwake itakuwa jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Wageni wanapokuja kula wali wa Kiafrika, mmoja wao anaomba kumbusu kwa sababu hajapata kumbusu mwanamke mweusi. Barua inapofika kutoka kwa mama yake, bwana anaisoma na kuanza kuijibu kwa niaba yake bila kumwuliza anataka kusema nini. Diouana anaichana barua. Anakitwaa kinyago chake. Anakataa kufanya kazi na anakataa mshahara. Mwishowe anafungasha sanduku lake na kujiua ndani ya hodhi la kuogea.

Hapo filamu haijaisha. Bwana anarudi Dakar na sanduku, kinyago na fedha za Diouana. Mama anazikataa fedha. Mtoto wa kiume anakichukua kinyago, anakivaa usoni, na kumfuata bwana nyuma nyuma hadi bwana anapoanza kukimbilia gari lake. Kisha mtoto anakiteremsha kinyago, nasi tunauona uso wake.

Jina la filamu lastahili dakika moja ya mwalimu wa lugha. Kwa Kifaransa maana yake ni “mwanamke mweusi wa...”, kisha nukta tatu. Kiingereza kimeifanya Black Girl, na hapo nusu ya maana imepotea. Kiswahili kingeweza kuitunza yote, kwa kuwa -a unganifu yetu ina mafumbo yale yale. Tunasema “mtu wa Ujiji” kwa maana ya kutoka Ujiji, na tunasema “mtumwa wa fulani” kwa maana ya kumilikiwa. Mweusi wa wapi? Mweusi wa nani? Filamu nzima imo katika kiunganishi hicho, na Diouana anakufa kwa sababu amegundua kwamba swali la kwanza limegeuzwa kuwa la pili.

Fani: ukuta mweupe

Sasa tutazame jinsi picha zinavyoifanya kazi hiyo. Nyumba ya Antibes ina kuta nyeupe. Kinyago, ambacho kule Dakar kilitundikwa katika nyumba iliyojaa vitu vingine vya sanaa ya Kiafrika, hapa kimetundikwa peke yake katikati ya weupe mtupu. Diouana naye anapita mbele ya kuta hizo hizo. Hatuhitaji mtu yeyote atuambie kwamba msichana na kinyago wako katika hali moja, kwani tunaona maumbo mawili meusi katika chumba kimoja, yote mawili yakiwa yametolewa mahali pake na kugeuzwa pambo au chombo cha mwenye nyumba. Ulinganisho huu hautegemei neno hata moja.

Je, rangi ingeuharibu? Hebu tujaribu kufikiri. Katika picha ya rangi, jicho letu lingevutwa na mambo mengi: pazia, matunda mezani, gauni la bibi, buluu ya bahari dirishani. Kila kimoja kingedai kutazamwa. Kinyago kingekuwa na rangi ya mti, na ngozi ya Diouana rangi yake nyingine, na undugu wao ungehitaji kuelezwa. Nyeusi na nyeupe imeviondoa vyote visivyohusika na kuacha uhusiano mmoja tu, ambao ndio maudhui ya hadithi.

Lakini usanii wa Sembène na mpiga picha wake, Christian Lacoste, hauishii katika kulinganisha. Linganisha Antibes na Dakar. Kule Antibes picha zimegawanyika katika ncha mbili, nyeusi na nyeupe, na kati yake hamna kitu. Kule Dakar, katika sehemu za kumbukumbu, mwanga umetapakaa na vijivu vimeongezeka: vumbi, mbao, mabati, kanga na majoho, nyuso za watu zenye ngazi zote zile tulizozitaja. Diouana akiwa Dakar haonekani kuwa “mweusi”. Anaonekana kuwa Diouana. Anakuwa mweusi anapofika mahali ambapo kila kitu kingine kimefanywa cheupe. Na mwisho wa filamu unageuza mizani: ni bwana sasa anayetembea peke yake katika mtaa usio wake, naye ndiye anayetengwa na picha. Ndiyo maana tunaamini kwamba filamu hii inasema jambo zito zaidi kuliko “Wazungu ni wabaya”. Inasema kwamba weusi, kwa maana ya aibu na utumishi, hutengenezwa na mahali na mahusiano ya watu, na inalionyesha jambo hilo kwa mwanga.

Tutaje pia kifo chenyewe. Katika filamu nyingi za rangi damu ndiyo inayotangulia kuonekana, na wekundu wake humtia mtazamaji hofu na msisimko. Hapa hakuna wekundu. Kuna hodhi jeupe, mwili mweusi, na ukimya. Tunanyimwa msisimko, na tunachobaki nacho ni huzuni na swali. Kisha gazeti linatoa habari yake kwa mistari michache.

Kipande cha rangi

Wapo watakaosema: haya yote ni maneno ya wahakiki, Sembène alitumia nyeusi na nyeupe kwa sababu hakuwa na fedha. Hatukatai kwamba fedha zilikuwa chache. Filamu yake fupi ya Borom Sarret ya mwaka 1963, inayomfuata mwendesha mkokoteni wa Dakar kwa siku moja ya hasara, ilikuwa nayo ya nyeusi na nyeupe, na umaskini wa vifaa vyake unaonekana. Lakini kuna ushahidi unaotuzuia kulimaliza jambo hili kwa hoja ya fedha tu. Diouana anapopelekwa kwa gari kutoka bandarini hadi Antibes, akipita kando ya bahari, sehemu hiyo ya safari ilipigwa pia kwa rangi. Kipande hicho kimehifadhiwa, na kimeweza kuonwa tena baada ya filamu kukarabatiwa mwaka 2015. Wazo lake ni rahisi kulielewa: msichana anaiona Ufaransa ya ndoto zake, na ndoto ina rangi, mlango wa nyumba ukifungwa, rangi inakwisha.

Wazo hilo si baya. Hata hivyo tunaona kwamba filamu kama tunayoijua, isiyo na kipande hicho, ina nguvu zaidi. Rangi ingetuambia mapema mno kwamba tunatazama ndoto. Ingemtenga mtazamaji na Diouana, kwa kuwa mtazamaji angejua hila ambayo yeye bado hajaijua. Katika nyeusi na nyeupe, bahari ile nzuri na chumba kile cha baadaye ni vya ulimwengu mmoja, na tunaingia mtegoni pamoja naye. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kinachoonekana kuwa ni ukosefu wa rangi ni sehemu ya uundaji huo.

Rangi inapokuwa haki ya hadithi

Tusije tukaeleweka vibaya kwamba tunaichukia rangi. Mwaka 1968 Sembène alitoa Mandabi, filamu ya rangi, iliyopata tuzo katika tamasha la Venice mwaka huo. Ibrahima Dieng, mwanamume asiye na kazi mwenye wake wawili, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Ili kuitoa fedha hiyo posta anahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa na picha. Na kila dirisha analofika linamrudisha jingine, mpaka fedha zinaliwa na mjanja mmoja mwenye elimu. Ni kichekesho chenye uchungu. Dieng anapenda kula, anapenda majoho mapana, anapenda kuonekana mtaani kuwa mtu mzima wa heshima. Majivuno yake yako mwilini na katika mavazi, na rangi inayaonyesha kwa namna ambayo kijivu kisingeweza. Tunayacheka majoho yake, kisha tunaona aibu kwa kuyacheka. Hapa rangi ina kazi, na kwa hiyo ni sahihi.

Kanuni basi si kwamba nyeusi na nyeupe ni bora kuliko rangi. Kanuni ni ile tunayowafundisha wanafunzi katika uhakiki wa ushairi na tamthilia: fani haina budi kuhukumiwa kwa maudhui inayoyabeba. Filamu ya mtu aliyefungiwa ndani ya kuta inahitaji kunyimwa. Filamu ya mtu anayezurura sokoni na maofisini inahitaji wingi.

Sauti isiyo ya Diouana

Kuna udhaifu mmoja wa La Noire de... ambao mhakiki wa lugha hawezi kuunyamazia. Diouana aliyeigizwa na Mbissine Thérèse Diop husema machache mbele ya mabwana zake. Lakini moyoni anasema mengi, na mawazo hayo tunayasikia kwa Kifaransa fasaha. Sauti yenyewe si ya mwigizaji. Ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji na mwigizaji kutoka Haiti. Msichana asiyejua kusoma wala kuandika, anayemlilia mama yake, analia kwa lugha ya anayemtesa.

Baadhi ya watu wameitetea sauti hiyo kwa kusema kwamba ni ishara ya ukoloni mamboleo: hata mawazo yametawaliwa. Utetezi huo una akili, lakini hautushawishi kabisa. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi za Maziwa Makuu ambako Kifaransa kimekuwa lugha ya ofisi na mahakama tunawajua akina Diouana. Mtoto wa Buyenzi anayeambiwa ajieleze kwa Kifaransa hutoa maneno matatu akanyamaza, lakini moyoni hajanyamaza, na lugha ya moyoni mwake siyo ile ya mwalimu. Filamu hii inatupa mwili na uso wa Diouana kwa uaminifu mkubwa, kisha inatunyima ulimi wake. Picha zinasema kweli kuliko sauti. Mtu anaweza kuzima sauti na bado akaelewa karibu kila kitu, na huo ni ushahidi mwingine wa nguvu ya weusi na weupe wake.

Sembène mwenyewe hakuridhika, na jibu lake linaonekana katika kazi iliyofuata. Mandabi inazungumza Kiwolofu, ingawa lilitengenezwa pia toleo la Kifaransa. Kwa hiyo kati ya mwaka 1966 na 1968 Sembène alipata vitu viwili kwa pamoja: rangi na lugha. Historia nyingi za sinema hukitaja cha kwanza kama maendeleo ya ufundi. Sisi tunaamini kwamba cha pili ndicho kilichokuwa hatua kubwa. Tukiulizwa tungechagua nini kwa ajili ya Diouana, rangi au Kiwolofu, hatungesita hata kidogo: tungemwachia nyeusi na nyeupe yake, tukampa lugha yake.

Kutia rangi filamu za wengine

Suala hili lina upande wa leo pia. Tangu miaka ya 1980 kumekuwa na biashara ya kuzitia rangi filamu za zamani ili zipate watazamaji wapya. Mwaka 1988 kituo kimoja cha televisheni cha Ufaransa kilitaka kuonyesha filamu ya John Huston ya mwaka 1950, The Asphalt Jungle, ikiwa imetiwa rangi. Huston alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Warithi wake wakaenda mahakamani, na mwaka 1991 mahakama kuu ya rufani ya Ufaransa ikawapa haki: kazi ya msanii haibadilishwi sura bila ridhaa yake, hata kama mwenye kuimiliki ni mwingine. Nchini India, Mughal-e-Azam ya K. Asif ya mwaka 1960, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya nyeusi na nyeupe na sehemu chache za rangi, ilitolewa tena mwaka 2004 ikiwa na rangi mwanzo hadi mwisho, na watu wengi walijaa kuiona. Asif mwenyewe alikuwa ametamani kuipiga yote kwa rangi, kwa hiyo kesi hiyo si sawa na ya Huston. Lakini hata hapo kuna hasara. Katika filamu ya awali wimbo wa Anarkali katika ukumbi wa vioo unalipuka kwa rangi baada ya saa nzima za kijivu, na ule mshtuko ndio ujasiri wa msichana mbele ya mfalme. Palipo na rangi kila mahali, mshtuko huo haupo.

Tujiulize ingekuwaje kama mtu angeitia rangi La Noire de... Angelazimika kubuni rangi ya ngozi ya Diouana, na hapo tungekumbuka historia isiyopendeza. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilirekebisha rangi zao kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa “Shirley”. Ngozi nyeupe ilikuwa ndiyo kipimo. Ngozi nyeusi mara nyingi ilitoka kama doa lisilo na sura, macho na meno tu yakionekana. Kwa hiyo dai kwamba picha ya rangi huonyesha ukweli zaidi lina kasoro kubwa linapowahusu watu wetu. Filamu ya nyeusi na nyeupe nayo huweza kuupoteza uso mweusi ikitiwa mwanga ovyo. Lakini haikuja ikiwa imekwisha kuamua ni ngozi ya nani iliyo sahihi. Lacoste aliutilia mwanga uso wa Mbissine Thérèse Diop kwa uangalifu, na ngazi zote za uso ule zipo hadi leo.

Darasani

Mwalimu atauliza: tufanye nini na hayo? Tunapendekeza mambo machache tu. Kwanza, filamu ionyeshwe kwa vipande vifupi, na kipande cha kwanza kionyeshwe bila sauti. Wanafunzi waandike walichokiona bila kutaja rangi yoyote isipokuwa zile tatu zenye viambishi vya ngeli. Watalazimika kutafuta maneno ya mwanga: kivuli, kiza, utusitusi, mng’ao, weupe wa kupofusha. Msamiati huo tunao, ila tunautumia mara chache. Pili, waandike mawazo ya Diouana kwa Kiswahili, si kwa kufasiri yale ya Kifaransa, bali kwa kujiuliza msichana wa mtaani kwao angejisemea nini akiwa amefungiwa ughaibuni. Tatu, walinganishe Mandabi na tamthilia ya Lihamba, waone hadithi moja ikisafiri kutoka kitabu hadi skrini na jukwaa, na kutoka Kiwolofu na Kifaransa hadi Kiswahili.

Zipo filamu nyingi za nyeusi na nyeupe ambazo mvuto wake wa mwanzo ulitokana na mazoea. La Bataille d’Alger ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966 pia, ilionekana kuwa kweli kwa sababu wakati huo habari za vita zilionekana magazetini na kwenye skrini zikiwa za nyeusi na nyeupe. Kijana wa leo, ambaye taarifa zote huzipata kwa rangi katika simu yake, hana mazoea hayo. Kama La Noire de... ingetegemea mazoea, ingekwisha kufa. Badala yake, mwaka 2022 wahakiki wa nchi mbalimbali walipopigia kura filamu bora za nyakati zote katika jarida la Sight and Sound la Uingereza, filamu hii ya takriban saa moja iliingia katika mia moja za mwanzo.

Mwanafunzi anayesema “hii ni ya zamani” tusimkemee. Tumwombe atazame mpaka mwisho, hadi pale mtoto anapoondoa kinyago usoni. Kisha tumwulize uso ule ulikuwa wa rangi gani. Kwa kadiri ya uzoefu wetu, hapo ndipo mjadala wa kweli unapoanza, na wanafunzi huuendesha wenyewe kwa Kiswahili.